Uzoefu wangu: nimeunga MTB (baiskeli ya milimani) yangu mwenyewe hapa Dar, nikaipeleka Pugu

Miezi minne imeisha, hela nayo imeisha, ila baiskeli ipo. Mi nakaa Segerea, na miaka yote nilikuwa naendesha zile mtumba za Japani zenye kikapu mbele, nzuri tu za kwendea sokoni, ila ukiipeleka kilima cha Goba inalia kila kiungo kama kitanda cha gesti. Ndo nikasema safari hii sinunui baiskeli nzima, naunga kifaa kimoja kimoja, ikiharibika nijue nimlaumu nani.

Fremu nilipata Msasani kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, aluminiamu ya ringi za inchi 29, na shokapu ya mbele ya upepo ya milimita 100, vyote laki nne na ishirini. Imechubuka rangi pale cheni inapopigapiga na ni ya zamani kidogo, nikajua ndo maana kaniachia kirahisi. Kumbe uzee wake ndo ulioniokoa. Fremu nyingi za sasa hivi nyuma zinataka ekseli nene ya milimita 12 na habu (kile kitovu cha gurudumu) ya upana wa milimita 148, alafu nyingine vikombe vya krenki, vile vinavyobeba bearingi za ekseli ya pedeli, vinagongewa tu ndani bila nyuzi, sasa kikifa kimoja Kariakoo nzima unazunguka jua kali unaambiwa "hiyo haipo braza, agiza". Yangu nyuma ni 135 ya kawaida na vikombe ni vya kufunga kwa nyuzi. Kwa hiyo kama unataka kuunga ya kwako hapa mjini, kabla hujapenda rangi ya fremu uliza hivo vitu viwili, mengine utajua mbele ya safari.

Sasa hivo vikombe. Nilimpelekea fundi mmoja kijana atoe cha zamani upande wa kulia, akajaribu na spana kikagoma, akaingiza bomba la chuma kwenye mkono wa spana apate nguvu, mwenzie akaishika fremu kama mnachinja ng'ombe, na mi nimekaa kwenye kindoo pembeni natetemeka. "Imeshika kutu hii bosi, lazima nguvu itumike." Nikaona rangi inaanza kupasuka pembeni ya kikombe nikasema acha, acha kabisa, nikaichukua fremu yangu begani nikaondoka.

Kesho yake nikaenda kwa mzee mwingine ambaye hana hata banda, ana turubai na boksi la spana. Nikamwamkia, nikampa fremu, akaizungusha mara moja akacheka. "Mwanangu, kulia kwa krenki kunafunguka kinyume. Jana mlikuwa mnakaza." Akageuza spana, ikatoa mlio mmoja tu, ka! basi kikaanza kuzunguka kwa mkono. Akanionyesha na pedeli ya kushoto, nayo uzi wake ni wa kinyume. Akaosha nyuzi kwa mafuta ya taa, akapaka grisi, akafunga kipya. Elfu kumi na tano. Nilimpa ishirini na nikaona bado namdhulumu.

Gia nimeweka Shimano Deore ya gia 11, kaseti 11-42 nyuma (yaani sproketi 11 zimepangana, ndogo meno 11, kubwa meno 42) na sproketi moja tu mbele ya meno 32. Watu mtaani wanaicheka hiyo ya 42, mtoto wa jirani kaniuliza kama hiyo sahani ni ya kulia wali. Acha wacheke. Sproketi moja mbele maana yake swichi moja, waya mmoja, na cheni haidondoki ovyo. Kuhusu cheni, msikubali kupakwa ile oili chafu ya injini. Mchanga wa Dar unaujua, inaganda kwenye oili inakuwa msasa, meno yanaliwa ndani ya miezi.

Breki nazo ni za Shimano, za diski na mafuta, na hapa nusura niharibikiwe tena kwa mikono yangu mwenyewe. Baada ya kufupisha paipu nilihitaji kuongeza mafuta, fundi wa bodaboda jirani yangu, mtu mwema tu, akaja mbio na kichupa cha oili ya breki ya pikipiki. Shimano zinatumia mafuta ya madini, ukimimina ile ya pikipiki au gari mipira ya ndani inavimba na breki ndo kwaheri. Tulikuwa tumeshafungua na sindano iko mkononi, ndo nikasoma maandishi madogo kwenye mkono wa breki.

Jumla na jasho, milioni moja na laki tano hivi. Ya dukani ya bei hiyo ungepata leo leo, tena inang'aa, kwa hiyo kama huna subira nunua tu.

Jumamosi nikatoka saa 11 alfajiri, Kinyerezi, nikatokea Nyerere Road, Gongo la Mboto kabla daladala hazijachangamka, Pugu Kajiungeni, nikaanza kupandisha. Tairi za upana wa inchi 2.25, upepo psi 26 mbele na 28 nyuma, nina kilo 78. Aisee. Ile sahani ya wali ikaanza kazi, nikawa nakanyaga taratibu napumua kwa pua, mtumba ningekuwa nasukuma zamani. Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu mpaka 1955 alipoacha kwa ajili ya siasa, nikawa najiuliza hiki kilima yeye alikuwa anakipanda na nini. Msitu wa Pugu Kazimzumbwi nikalipa kiingilio nikaingia, kivuli, majani yamelowa, mizizi imekatiza njia, shokapu inameza kila kitu yaani mikono haisikii. Ringi 29 kwenye mizizi haina mpinzani, inapita juu tu.

Kosa likawa kushuka. Diski na pedi mpya lazima uzizoeshe kwanza, unaenda mwendo wa wastani, unabana mpaka karibu usimame bila tairi kufunga, unaachia, mara 20 hadi 30. Nilijua, nikavivia. Basi naona mbuzi watatu njiani, nabana, breki zinalia weee na baiskeli inaendelea na safari zake. Nimeingia kichakani kwa hiari. Mbuzi hata hawakusogea.

Na huko kichakani ndo nikaokota mwiba. Nimesukuma mpaka barabarani kwa fundi pancha, ana kompresa kubwa kabisa, kaziba vizuri, kujaza upepo sasa, mdomo wa kompresa haushiki. Tyubu zangu ni za valvu nyembamba na hata ringi imetobolewa tundu dogo, kwa hiyo tyubu ya valvu nene nayo haipiti. Na pampu yangu nimeiacha mezani Segerea. Nimekaa pale na chai na chapati mbili, saa nzima, mpaka akapita kaka mmoja na baiskeli ya mashindano, akatoa mfukoni kidude cha shaba kidogo kama kofia, akakizungushia kwenye valvu, kompresa ikashika. Nikataka kumpa hela akakataa, akaniachia na kidude chenyewe.

Breki nilizoesha hapo hapo kwenye lami wakati wa kurudi, fundi pancha ananihesabia kwa sauti mpaka nikapotea kwenye kona. Kidude nimekiacha kwenye valvu ya nyuma, sikitoi.