Boksi la kadi za wanafutiboli wa zamani: nimezisoma zote, haya ndiyo niliyoyaona

Nianze na pesa, maana najua ndilo swali la kwanza. Boksi la kadi 100 za wachezaji wa futiboli ya Kimarekani, walioanzia 1946 mpaka 1965, nililinunua mtandaoni kwa dola 38, na kusafirisha dola 6. Si kadi zenyewe za enzi hizo, zimechapwa upya, na boksi lilikuwa limeshatumika. Muuzaji aliandika "kamili". Nikahesabu, 97. Nikamwita mama Zuhura naye ahesabu, 97. Mbili zilikuwa zimegandana. Nikazitenganisha kwa mvuke wa birika, mmoja akabaki nusu uso. Muuzaji alirudisha dola 5 bila ugomvi, yakaisha.

Mtu wa Tanga na kadi hizi wapi na wapi? Ninaishi Akron, Ohio, napiga shifti ya usiku kwenye ghala. Ukishika barabara ya kusini kwa nusu saa unafika Canton, mji ambao ligi ya mchezo huu, NFL, iliundwa mwaka 1920 ndani ya duka la magari, na tangu 1963 ndiko liliko jumba la kumbukumbu ya magwiji wake. Kazini tukikaa mapumziko maneno ni Browns, timu ya Cleveland, Browns, Browns tu. Miaka miwili nilikaa pale kama mtu aliyeingia msiba bila kumjua marehemu.

Na mimi mpira huwa siujui kwa kanuni, naujua kwa watu. Baba hakunifundisha ofsaidi. Alinisimulia Coastal Union waliochukua ubingwa 1988, mmoja mmoja, nani mpole, nani mkorofi, nani alikuwa akikaa mtaa wa pili. Nikasema na hawa niwaanze hivyohivyo.

Kadi mbele ina picha, nyuma ina wasifu wa mistari minane au tisa: alikozaliwa, kimo, uzito, chuo, takwimu, halafu mwishoni sentensi moja ya maisha yake. Mimi nilizisoma kuanzia mwisho. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyonirudishia pesa yangu.

Mfano ni Johnny Unitas. Takwimu zinasema alirusha pasi ya bao katika mechi 47 mfululizo, rekodi iliyodumu mpaka 2012. Sawa. Lakini mstari wa mwisho unasema mwaka 1955 Pittsburgh walimwacha kabla msimu haujaanza, akawa anafanya kazi ya ujenzi na kucheza mchangani kwa dola 6 kwa mechi. Dola sita! Mwaka uliofuata Baltimore wakamchukua, na mwaka 1958 akawapa ubingwa mbele ya New York Giants, 23 kwa 17, kwenye muda wa nyongeza. Mtu wa namna hiyo simsahau tena.

Au Chuck Bednarik wa Philadelphia. Aliruka na ndege za kivita mara 30 juu ya Ujerumani akiwa mpiga bunduki, akarudi akacheza kushambulia na kulinda, na msimu ukiisha anauza zege. Wenzake wakamwita Charlie wa Zege. Siku hizi mchezaji wa ligi hii anauza zege kwenye tangazo la televisheni labda.

Ninayempenda zaidi ni Dick Lane, "Night Train". Mama mmoja wa Austin, Texas, alimwokota akiwa kichanga kilichotupwa, akamlea. Alipotoka jeshini akawa anabeba mabati yenye mafuta kwenye kiwanda cha ndege Los Angeles, na siku moja akaingia ofisi za Rams, timu ya mji huo, na kitabu alichobandika vipande vya magazeti vinavyomtaja, akaomba kazi. Msimu wake wa kwanza, 1952, alinyakua pasi 14 za wapinzani katika mechi 12. Sasa msimu una mechi 17 na hakuna aliyemfikia.

Upande wa takwimu, usitegemee msaada. Kadi inakupa "yadi 12,312" za Jim Brown wa Browns kama vile ulizaliwa unajua yadi ni za nini. Ilibidi mzee mmoja wa kazini, shabiki wa Browns tangu utotoni, anichoree kwenye katoni: una majaribio manne ya kusogea yadi kumi, mkishindwa mnanyang'anywa mpira. Jim Brown kila akikabidhiwa mpira alisogea zaidi ya yadi tano kwa wastani, kwa miaka tisa, bila kukosa mechi hata moja, kisha akaacha akiwa na miaka 30, wakati ule hakuna wa kumkamata. Baada ya mchoro ule nikaelewa kwa nini mzee akimtaja anashusha sauti.

Mzee huyohuyo ndiye aliyenitoa imani na waandishi wa boksi hili. Nilimwonyesha kadi ya Frank Ryan, kwotabeki (mrusha pasi) wa Browns waliowafunga Baltimore 27 kwa 0 kwenye fainali ya 1964. Yeye aliisikiliza redioni akiwa mtoto, kwa sababu mechi za nyumbani hazikuruhusiwa kuonyeshwa televisheni mjini. Akageuza kadi, akasoma, akacheka. Kimo kipo, uzito upo. Kwamba Ryan alikuwa akisomea udaktari wa falsafa wa hisabati huku anacheza, na akaupata 1965, hakuna! Unamwandikaje mtu kama huyo ukataja kilo zake?

Hilo nilicheka naye. La Kenny Washington sikucheka. Kadi inasema "alijiunga na Rams 1946, magoti yalimsumbua". Haisemi kwamba kuanzia 1934 mpaka 1945 ligi haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Haisemi kwamba alimaliza kuchezea chuo cha UCLA 1939 akiwa moto, akangoja mpaka akafika miaka 28, na kwamba Rams walipohamia Los Angeles walibanwa wachukue mchezaji mweusi, kwa kuwa uwanja waliouomba ulikuwa mali ya umma. Magoti yalimsumbua, ndiyo, baada ya kuwekwa nje miaka yote ile.

Kadi ya Marion Motley nayo ni hivyo. Yadi 4,720, wastani 5.7, ameingia jumba la magwiji 1968. Nimeisoma nikajua kakulia Canton, hapohapo jirani. Kwamba mwaka 1946 Browns walipokwenda kucheza Miami yeye na mchezaji mwenzake Bill Willis waliachwa nyumbani kwa sababu ya rangi yao, nililipata kwingine.

Nyota tatu kati ya tano. Karatasi ni nzito, maandishi ni madogo mno kwa mwenye miwani, na ukinunua yaliyotumika omba picha ya kadi zote zimepangwa mezani. Kadi ya Jim Brown nimempa mzee, hakuniomba.

Tatu zilizokosekana nimezitambua kwa orodha ya ndani ya mfuniko. Mojawapo ni namba 58, Bill Willis. Mwenye nayo na anaiuza peke yake, aniambie bei.