SAS, SEAL na Delta: Mimi Napima Mchujo

Ndugu watazamaji, karibuni. Nimechoshwa na video zinazovipanga vikosi maalumu kwa namba, cha kwanza hadi cha kumi, kana kwamba vyote vinacheza ligi moja. Silaha nazipita, maana mnazijua. Hata ile miwani ya kuonea usiku yenye mirija minne, inayouzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, hununuliwa na yeyote mwenye bajeti. Kisichonunuliwa ni mchujo, yaani majaribio ya kumchuja anayetaka kujiunga na kikosi.

Litazameni begi hili. Nimelipakia hadi mizani ikasoma kilo 25, na kulitoa mezani hadi mgongoni tu kumenitoa jasho. Mwaniaji wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, katika safari ya kufunga awamu ya milimani huko Wales, hubeba mzigo wa namna hii, bunduki ikiwa mkononi, kwa kilomita 64 ndani ya saa 20. Ukigawanya unapata kilomita 3.2 kwa saa, mwendo wa bibi harusi, ila huyu hupanda na kushuka milima peke yake, kwa ramani na dira, na wakufunzi hawamfokei wala hawamsifu. Ukimya huo ndio ninaoupenda, kwa sababu humnyima mtu hata wa kumkasirikia.

Kwa SEAL, kikosi maalumu cha jeshi la majini la Marekani, kinyume chake, ni kelele: siku tano na nusu ufukweni Coronado, California, usingizi usiozidi saa nne kwa jumla, boti vichwani, na kengele ambayo ukiigonga mara tatu umejitoa. Nilizoea kuiita maigizo. Leo, begi likiwa mgongoni, nalegeza msimamo, kwani mmoja akiinamisha kichwa chini ya boti, uzito wake huwaangukia wenzake papo hapo.

Delta nayo, kikosi maalumu cha jeshi la nchi kavu la Marekani, iliasisiwa mwaka 1977 na Charles Beckwith, ofisa wa Marekani aliyewahi kutumikia SAS, hivyo wanaoishindanisha na SAS wanamgombanisha mwalimu na mwanafunzi. Watasema Delta ilishindwa kuwaokoa mateka Wamarekani nchini Iran Aprili 1980, ilhali siku 11 baadaye SAS ilivamia ubalozi wa Iran jijini London, uliokuwa umetekwa na watu wenye silaha, na kumaliza kazi ya kuwaokoa mateka kwa dakika 17. Lakini Delta ilikwamishwa na helikopta, zilizobaki nzima tano jangwani wakati zilihitajika sita. SAS ilikuwa nchini kwake.

Spetsnaz, vikosi maalumu vya Urusi, mliyoiomba inakuja katika video ijayo. Sasa niruhusuni nilitue begi hili.