Hedseti ya gemu niliyonunua Darajani: kusikia nasikia, kusikika ndiyo kazi

Nilisema nitanyamaza mpaka hasira zishuke. Hazijashuka, basi wacha niandike.

Siku za kabla ya Ramadhani nilinunua hedseti ya gemu, zile kubwa za kufunika masikio, zenye taa za kuwakawaka pembeni na maiki ya kunyanyua na kushusha upande wa kushoto. Duka silitaji. Ni Darajani, hapa Zanzibar, lina vioo vitupu na feni moja inayompuliza mwenye duka peke yake. Alianzia 80,000, tukavutana, nikatoa 65,000. Nilitaka kitu kimoja kinachofanya kazi mbili: nisikie na nisikike. Sikutaka nyaya zimejaa mezani.

Niseme haki kwanza. Sauti yake ni nzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Tunacheza PUBG usiku, gemu la kuwindana kwa bunduki, hii ya kompyuta iliyofanywa ya bure mwaka 2022, na mule ndani masikio yana thamani kuliko bunduki. Mtu anapanda ngazi nyuma yako, upande wa kulia, unamsikia, unageuka, unamaliza kazi. Spika za kompyuta hazikupi hilo hata uzifungulie mpaka majirani waje. (Boksi limeandikwa 7.1, yaani sauti ya spika nane, kwa herufi za dhahabu. Spika zilizomo ni 2, moja kila sikio, mengine yote ni hesabu za programu. Lakini hilo nalisamehe, kila boksi linajisifu.)

Sasa maiki. Ilidumu muda gani sijui, Ramadhani yenyewe haikufika kati. Timu yetu ni watu wanne: mimi Jang'ombe, mmoja Wete, wawili Maskati. Nawaambia, "Yupo nyuma ya gari, yupo nyuma ya gari!" Mwenzetu wa Wete anatembea taratibu kuelekea pale pale kwenye gari. Akapigwa. Kisha ananigeukia mimi: "Mbona husemi?" Nimesema! Nimesema mpaka mama kafungua mlango kuuliza nani kavamiwa saa saba za usiku. Mama chumba cha pili kanisikia, wa Wete hakunisikia.

Nikaichunguza. Ukiishusha maiki inakwaruza. Ukiinyanyua, kimya. Ukiibana kwa kidole pale kwenye bawaba, sauti inarudi safi kabisa. Basi mkono mmoja ubane maiki, mmoja ushike mausi, na kibodi nibonyeze kwa mguu?

Nikairudisha dukani na boksi lake na risiti yake. Hapa ndipo pa kusikiliza vizuri, maana haya ndiyo yaliyonifanya niandike, si ile maiki. Vitu vinaharibika, mimi si mtoto.

Nikamsalimia, nikamweleza kwa adabu zote: kaka, sauti inatoka, maiki imekufa. Akaichukua, akaichomeka kwenye simu yake, akafungulia singeli, akajivalisha. Akatikisa kichwa kidogo na mdundo. "Mbona inapiga?" Nikamwambia naam, inapiga, sikusema haipigi, nasema maiki. Akaongeza sauti. "Shekhe, inapiga hii. Sikiliza." Ananivalisha mimi! Nimesimama pale na singeli masikioni namwambia maiki, maiki, ile ya kusemea, na yeye ananyoosha dole gumba.

Nikamwomba jambo jepesi. Fungua WhatsApp, jirekodi sauti, nyanyua maiki, ishushe, tusikilize pamoja. Kufumba na kufumbua tumemaliza. Hataki. "Itakuwa kompyuta yako." Kompyuta yangu iko Jang'ombe, kaka, simu yako iko mkononi! Akanitazama juu mpaka chini, mbele ya wateja, akasema, "Lakini na wewe mtu mzima, unagombana na watoto kwenye gemu mpaka uje kuharibia watu biashara?" Watu wakacheka. Kuna bi mmoja alikuja kununua chaja, na yeye akacheka. Kisha muuzaji akanigeuzia risiti, akagonga kwa kucha yale maandishi ya chini: mali ikishauzwa hairudishwi.

Hakuniambia pole. Neno hilo halina bei, na lingetosha nikaondoka.

Nikampelekea fundi simu wa Mlandege, mtu wa maneno machache. Akaifungua bawaba mbele yangu. Mle ndani mnapita nyaya mbili nyembamba kama unywele, na kila ukinyanyua na kushusha maiki zinakunjwa pale pale mahali pamoja. Mmoja umekatika. Akanionyesha kitu ambacho sikukijua: nyaya hizi zimepakwa vanishi, ukizichoma kwa risasi ya kuungia hivi hivi haishiki. Lazima kwanza uichome ile vanishi kwa moto au uikwangue kwa wembe, na ukizidisha, waya wenyewe unakwenda. Akaunga. Nikalipa 5,000. Ikasema vizuri siku chache, kisha ikakatika palepale, kwa sababu bawaba ni ile ile na mkunjo ni ule ule. Fundi simlaumu hata chembe. Wa kulaumiwa ni aliyepitisha waya wa aina hiyo kwenye kitu cha kukunjwa kila siku, na yule anayekiuza kisha anajifanya hajui maiki ni nini.

Kwa hiyo ushauri wangu uko wazi: usinunue hedseti, nunua hedfoni za kawaida na maiki ya peke yake. Maiki ikifa unatupa maiki, masikio yako yanabaki. Kwenye hedseti kinachokufa ni cha shilingi mbili na kinakwenda na mali nzima.

Ndivyo nilivyofanya. Hedfoni nyeusi zisizo na taa wala mbwembwe, 40,000, duka jingine, na muuzaji kijana mwenyewe alinitolea kwenye boksi tukajaribu. Maiki nikachukua BOYA BY-M1, ya kubana kwenye kola, wanayo vijana wote wanaorekodi harusi. Ina kibetri kidogo cha LR44 ndani na swichi yenye upande wa simu na upande wa kamera. Kwa kompyuta yangu, yenye tundu la kijani la sauti na la waridi la maiki, inasema ikiwa upande wa kamera. Sauti safi. Wa Maskati waliniambia nasikika kama mtu wa redioni.

Ila, na hapa sijui niseme nini. Waya wake una mita 6. Mita sita! Chumba changu chenyewe hakifiki. Nimeuzungusha mguu wa meza mpaka basi. Halafu maiki hii inasikia pande zote, ndiyo ilivyotengenezwa, kwa hiyo inasikia feni, inasikia pikipiki, inasikia mama akiuliza kama nimefunga mlango wa uani. Nikizima feni nasikika vizuri na nalowa jasho. Nikiiwasha, wenzangu wanacheza na upepo. Ile ya hedseti, siku zake za uhai, ilikuwa karibu na mdomo na feni ilikuwa haiingii kabisa. Tena usiku wa joto hilo si jambo dogo. Kwa hiyo nikisema maiki ya peke yake ni bora, nasema kwa mdomo wa nusu.

Wapo wanaosema chukua za Bluetooth uondokane na nyaya zote. Jaribu kwanza. Ukiwasha tu maiki yake, sauti ya gemu inadumaa, unasikia vishindo vya miguu kana kwamba umepigiwa simu. Za hivyo ni za muziki.

Labda kilicho sawa ni cha katikati: hedseti yenye maiki ya kuchomoa, kama HyperX Cloud II. Iko karibu na mdomo na ikifa unachomoa. Binamu wa Maskati anayo, haijamsumbua. Kwa hiyo nafuta nilichosema juu, sisemi usinunue hedseti. Nunua, ila yenye maiki inayotoka, na kabla hujatoa pesa jirekodi palepale dukani huku unainyanyua na kuishusha. Tazama na pini pia, ikiwa ni moja: mistari mitatu ndiyo yenye maiki, miwili ni ya kusikiliza tu. Muuzaji akikukatalia kujaribu, ondoka, hata kama sauti ni tamu.

Lakini nikikumbuka yule bwana anavyotikisa kichwa na singeli yake, wallahi narudi pale pale: msizinunue kabisa! Nyota 1. Spika peke yake ningezipa 4, lakini sikwenda kununua spika.

Hedseti yenyewe bado ninayo. Inapiga vizuri, taa zote zinawaka, mito ya masikio imeanza kubabuka kidogo kwa jasho. Atakaye kusikiliza tu bila kusema, 20,000, aje Jang'ombe, na ruhusa kuijaribu mpaka achoke. Wa Pemba nampunguzia ile pesa ya kuituma kwa boti.