Huduma ya Kuzoa na Kuchambua Taka Mlimani, Mwanza: Tathmini Baada ya Miezi Minane

Nyumba yetu iko kwenye mawe, juu ya bonde la Mto Mirongo hapa jijini Mwanza, na kwa miezi minane sasa taka zake zinazolewa na kikundi cha vijana na akina mama kinachofanya kazi hiyo kwa makubaliano na serikali ya mtaa. Ada ni shilingi 3,000 kwa mwezi kwa kila kaya, na hupungua hadi 2,000 kwa kaya inayotenganisha taka zake kabla hazijachukuliwa. Wanapita Jumanne na Ijumaa asubuhi.

Nianze na kubeba, maana hakuna lori linaloweza kupanda kwetu. Vijana hukwea ngazi za mawe hadi mlangoni, hujitwisha viroba, hushuka navyo mpaka barabarani unakosubiri mkokoteni, kisha husukuma hadi kwenye kizimba ambako uchambuzi hufanyika na mabaki hupakiwa kupelekwa dampo la Buhongwa. Kabla yao, kaya nyingi za juu zilisubiri mvua kubwa zikamwaga taka korongoni, na kwa kuwa Mirongo hukatiza katikati ya jiji na kuingia Ziwa Victoria, taka zile zilizibia watu wa bondeni mitaro na zilizosalia zikaishia majini. Kwa kazi hii ya kubeba peke yake, ada ninayolipa naiona ni halali yao.

Kila kaya hupewa viroba viwili: kimoja cha taka zinazooza na kingine cha taka kavu zinazoweza kurejelezwa, yaani makopo ya plastiki, maboksi, karatasi, mabati na vyuma. Maelekezo tuliyopewa siku ya kwanza yalikuwa mafupi mno, na kwa muda wa mwezi mzima tulikosea. Nilielewa tulipokuwa tunakosea siku niliposhuka mwenyewe kizimbani na mama anayesimamia uchambuzi akaniambia, kwa upole lakini bila kuficha, “Baba, boksi likishalowa mchuzi kwetu ni taka tu.” Karatasi hununuliwa kwa uzito na kwa usafi wake, hivyo boksi moja lililonywa maji ya samaki huharibu na yaliyofungwa pamoja nalo.

Mama huyo alinifundisha mengi katika nusu saa. Chupa ya maji ya kunywa ina namba 1 ndani ya pembetatu ya mishale chini ya kitako chake, ilhali dumu la mafuta ya kula lina namba 2, na hizo ni plastiki mbili tofauti ambazo zikiyeyushwa pamoja huharibiana. Hata kifuniko hakifanani na chupa yake: alikata vipande vya vyote viwili, akavitia kwenye ndoo ya maji, vya chupa vikazama na vya kifuniko vikaelea. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu vifuniko hufunguliwa na kuwekwa kando, na chupa hukanyagwa zikawa bapa, jambo linalomwondolea kijana wa mkokoteni safari nzima ya kubeba hewa. Natamani kila kaya ioneshwe jaribio lile la ndoo, kwa sababu linaeleweka kwa mtoto na kwa mtu mzima vilevile.

Vioo havina shida kubwa, kwani chupa za soda na za bia hurudi dukani na kreti zake. Kinachonisumbua ni vifungashio vya biskuti na vitafunwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini vifungashio hivi, vilivyogandanishwa tabaka la plastiki na la alumini, bado vimejaa kila duka, na kikundi hakina mnunuzi wake. Huenda Buhongwa pamoja na nepi. Betri za tochi nazo hazina kiroba chake, na hilo ni pengo ambalo kikundi kingeliziba kwa kopo moja tu lenye mfuniko kwenye mkokoteni.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii ni ratiba. Sisi ni walaji wa samaki, na matumbo na magamba ya sato yaliyotolewa Ijumaa mchana hukaa hadi Jumanne, siku nne katika joto la Mwanza. Kiroba huvuja, harufu huingia ndani, nzi hujaa, na jirani aliyechoka humwaga kila kitu kwenye kiroba kimoja ili kitoke haraka. Kwa hiyo watu wanaolaumiwa kwa kutochambua mara nyingi wameshindwa na ratiba, si kwa uvivu. Taka za jikoni zingechukuliwa hata mara tatu kwa wiki, taka kavu zingeweza kusubiri wiki mbili bila kumdhuru mtu, na mfugaji wa nguruwe anayefuata maganda kizimbani angeyapata yakiwa bado yanafaa.

Lipo pia jambo lililoniumiza. Mwezi wa tano nilishuhudia viroba vyetu vyote, vya aina zote mbili, vikimiminwa pamoja kwenye mkokoteni mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa umevunjika gurudumu. Kiongozi wao aliomba radhi nilipouliza, na halijarudiwa mbele ya macho yangu, lakini kaya mbili zilizokuwa zikitazama ziliacha kutenganisha siku hiyohiyo na hadi leo hazijarejea. Ingekuwa afadhali taka kavu zibaki majumbani hadi mkokoteni utengenezwe kuliko kuzichanganya mbele ya watu waliojitahidi.

Nawashauri majirani wajiandikishe, nami nitaendelea kulipa. Ombi la siku ya tatu ya taka za jikoni, lenye saini za kaya kumi na moja, liko kwa mwenyekiti wa mtaa tangu wiki iliyopita, na kikundi kimekubali kuongeza siku hiyo iwapo kila kaya itaongeza shilingi 500. Sisi tumeshatoa ya kwetu.