Sefu ya Kariakoo tuliyofungia bastola: ninachokijua baada ya miezi mitano

Naandika haya kwa ajili ya nyumba yenye bastola na mgonjwa chini ya paa moja. Kama unatafuta sefu ya fedha za vikoba au hati ya kiwanja, soma tu, yatakufaa. Ila mimi sikuinunua kwa hayo.

Mume wangu anauza mchele Tandale. Miaka mingi iliyopita alivamiwa jioni akitoka kufunga hesabu, akapigwa ubapa wa panga mgongoni, fedha zikaenda. Baada ya hapo akaomba kibali cha silaha. Aliihangaikia: serikali ya mtaa, polisi, kamati ya usalama ya wilaya, barua juu ya barua, karibu miaka miwili. Alipoipata bastola akaiweka juu ya kabati la nguo, ndani ya begi dogo la ngozi, risasi zikiwa humo humo. Watoto walikuwa wadogo, tukaona hawafiki. Watoto wakakua, begi likabaki pale pale.

Kijana wetu mkubwa sasa ana miaka 23. Mwaka jana akiwa chuoni alianza kusikia watu wakimsema nyuma ya ukuta, akaacha kula chakula nilichopika, akawa halali. Nilipoteza miezi minne nikimzungusha kwenye maombi kabla ya kumpeleka hospitali. Miezi hiyo bado inaniuma. Daktari alisema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, akamwandikia dawa iitwayo olanzapini. Tulipokuwa tunatoka, nesi mmoja wa makamo akanivuta pembeni.

"Mama, nyumbani kuna silaha?"

Nilichukia. Nikamwambia, "Mwanangu si muuaji, dada."

Akanijibu taratibu, "Sijasema ataua mtu, mama. Nauliza kwa ajili yake yeye."

Sikuwahi kufikiria upande huo. Mdogo wangu anaishi Marekani, jimbo la Michigan, na nilipomsimulia usiku ule kwa simu alinieleza jambo ambalo kule linajulikana na huku halisemwi. Mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi nchini humo, na zaidi ya nusu yao, watu zaidi ya 26,000, walijiua wenyewe. Yale mauaji ya halaiki tunayoyaona kwenye taarifa ya habari ni sehemu ndogo sana ya vifo hivyo. Na wagonjwa wa akili walio wengi hawamdhuru mtu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali lile lile la nesi: "Dada, hiyo bastola iko wapi?"

Siku ya tatu nikaenda Kariakoo.

Duka lenyewe liko upande wa Mtaa wa Msimbazi, limejaa mizani, mashine za kuhesabia fedha na masefu ya kila saizi. Silitaji jina kwa sababu nina lawama nalo. Nilichagua sefu ya chuma ya kubonyeza namba, ya kimo cha kati, ambayo mtu mmoja mwenye nguvu anaibeba kwa shida. Bei ya kwanza shilingi 450,000, tukaafikiana 385,000. Bajaji mpaka Tabata ikanichaji 12,000. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, ananiita "mama yangu" kila sentensi, lakini hakuniuliza hata mara moja naenda kuweka nini ndani. Anauza kufuli na hataki kujua linafungia kitu gani. Mimi naona angeuliza, angenishauri vizuri zaidi.

Mazuri kwanza. Mlango wake ni mzito kweli na hauchezi ukishafungwa. Vyuma viwili vya kufungia vinaingia ndani kabisa kwenye fremu. Ukikosea namba mara tatu inapiga kelele na kugoma kwa muda, jambo ambalo mimi ndilo nililolitaka kuliko yote, kwa sababu naisikia nikiwa jikoni. Betri zake ni zile ndogo nne za kawaida, na hizi za kwanza bado zinafanya kazi. Ina matundu nyuma na chini kwa ajili ya kuifunga ukutani, na boliti zilikuja nazo.

Msinunue sefu mkaiacha juu ya sakafu. Isiyofungwa ukutani ni sanduku zito tu, vijana wawili wanaondoka nayo. Fundi wetu alizitupa boliti za kwenye boksi akasema ni za karatasi, akanunua nyingine nene za dukani kwa jirani, akatoboa tofali na kuifunga ndani ya kabati la ukutani chumbani kwetu. Ufundi na boliti, 40,000. Nimeitikisa mpaka mkono ukauma, haikusogea.

Sasa lawama.

Ya kwanza ni namba ya kiwandani. Sefu inakuja na namba ambayo imechapishwa kwenye karatasi ya maelekezo, na karatasi hiyo wanawekewa wanunuzi wote. Muuzaji alinionyesha jinsi ya kuifungua kwa namba ile, ikafunguka, akatabasamu, akaniandikia risiti. Hakuniambia niibadilishe. Kama si mdogo wangu kunisisitiza, ningeendelea nayo.

Alinisisitiza kwa sababu anakaa nusu saa kwa gari kutoka mji unaoitwa Oxford. Tarehe 30 Novemba 2021 mvulana wa miaka 15 aliingia na bastola katika shule ya sekondari ya mji huo, akaua wanafunzi wanne na kujeruhi watu wengine saba. Bastola hiyo baba yake alikuwa ameinunua siku nne tu kabla. Asubuhi ile ile walimu walikuta kwenye karatasi yake ya hesabu picha ya bunduki na maneno ya kuomba msaada, wakawaita wazazi, wazazi wakaja, wakaambiwa mtoto anahitaji mshauri haraka, wakamwacha shuleni wakarudi makazini kwao. Hakuna aliyefungua begi lake. Kesi ilipofika mahakamani ikaelezwa kwamba waya wa kufungia bastola ulikutwa nyumbani ukiwa bado ndani ya plastiki yake, haujawahi kufunguliwa. Na sefu waliyokuwa nayo, iliyohifadhi silaha nyingine, namba yake ilikuwa 0-0-0, ile ya kiwandani. Mwaka 2024 mama alikutwa na hatia ya kuua bila kukusudia, kisha baba, na Aprili mwaka huo kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Walikuwa wazazi wa kwanza Marekani kutiwa hatiani hivyo kwa shambulio la shuleni lililofanywa na mtoto wao.

Mdogo wangu alipofika kwenye zile sifuri tatu niliinuka kitandani, nikawasha taa, nikabadilisha namba usiku ule ule. Chagueni namba sita, isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumbani, isiwe namba ya simu ya fedha. Kijana wangu alikuwa ananifanyia miamala yote kwenye simu, anajua kila namba ninayoipenda.

Lawama ya pili ni kubwa zaidi. Sefu hizi zina funguo za akiba, mbili, za kufungulia betri zikifa. Tundu lake limefichwa kwa kifuniko cha plastiki pembeni ya vitufe. Wiki ya pili nilirudi dukani kununua kasanduku kadogo ka chuma kwa ajili ya risasi. Funguo nilikuwa nazo kwenye pochi. Sijui kilichonituma, nikaichomeka kwenye sefu nyingine ya aina ile ile iliyokuwa kwenye rafu. Ikazunguka, mlango ukafunguka.

Nilibaki nimeshika mlango. Kila aliyenunua sefu kwenye shehena ile ana ufunguo wa chumbani kwangu. Muuzaji akasema, "Mama yangu, nani atajua?" Nikamwambia, wewe unajua, na mimi najua, tayari tuko wawili. Tulibishana kama saa nzima hadi mwenye duka, mzee mmoja mtulivu, alipotoka nyuma, akajaribu mwenyewe, akaona. Hakubisha. Akaagiza boksi la shehena nyingine, tukajaribu funguo kwa sefu nne, hazikuingiliana, akanibadilishia bila kunidai. Gharama ya fundi kung'oa na kufunga upya alinilipa nusu. Kwa hiyo sefu naipa nyota tatu kati ya tano, na mzee yule namheshimu. Ila mkienda kununua, popote pale, jaribuni ufunguo wenu kwenye sefu ya jirani yake kabla ya kulipa.

Mume wangu hakuipenda biashara hii mwanzoni. "Mwizi hangoji mtu abonyeze namba sita," alisema. Ni hoja ya kweli na siidharau, mgongo wake una kovu. Mdogo wangu alicheka kwa uchungu aliposikia, akasema hata majaji kule walisema hivyo. Mwaka 2008, katika kesi ya jiji la Washington na mlinzi mmoja aitwaye Dick Heller, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba raia mwenyewe ana haki ya kuwa na silaha nyumbani kwa kujilinda, kufuatana na Marekebisho ya Pili ya Katiba ya mwaka 1791. Sheria ya jiji ilitaka silaha ya nyumbani iwe imefunguliwa vipande au imefungwa kufuli kwenye kifyatulio. Majaji wakaifuta, wakisema inamzuia mtu kujilinda. Hukumu hiyo hiyo ikasema haigusi makatazo ya siku nyingi dhidi ya wahalifu na wagonjwa wa akili kumiliki silaha. Nimelifikiria sana hili nikiwa nafua, nikiwa kwenye daladala. Kufuli limeondolewa, mgonjwa amebaki kwenye orodha ya waliokatazwa silaha. Mimi ningeanza na kufuli. Yule mvulana wa Oxford hakuwa kwenye orodha yoyote.

Huku kwetu bastola ni kibali cha serikali, hukuzaliwa nayo kama haki. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi iliifuta ile ya 1991, na imekaza kuliko hiyo. Lakini karatasi inamwangalia mwombaji siku anapoomba. Mume wangu alikuwa mzima alipoomba na ni mzima leo; aliyeugua ni mtu mwingine wa nyumba hiyo hiyo.

Ili kumaliza ubishi tulizima taa, nikashika simu kuhesabu sekunde. Mara ya kwanza alifungua kwa sekunde 19, akilaani. Baada ya wiki moja ya mazoezi, sekunde 6, gizani, bila kuangalia vitufe. Akanyamaza. Hajasema tena habari ya mwizi.

Kitu kingine nitakisema kwa sababu kinanikera. Tarehe 25 Agosti 2021, yule mtu alipoua polisi watatu na mlinzi mmoja karibu na Ubalozi wa Ufaransa hapa Dar kabla na yeye hajauawa, mtaani kwetu neno la kwanza lilikuwa "kichaa". Hakuna aliyekuwa anamjua. Baadaye polisi wakasema uchunguzi wao umeonyesha ni gaidi. Neno lile halikurudishwa. Sasa mwanangu akipita kwenda dukani watoto wanakimbia, na mama mmoja alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini kama si hatari kukaa naye. Anakaa na mimi miaka yote, hajawahi kuninyanyulia mkono. Usiku anaogopa yeye.

Mwezi wa nne, mvua za masika zilipokolea, aliacha dawa kwa siri. Nilikuta vidonge chini ya godoro. Siku mbili baadaye sefu ikapiga kelele saa nane usiku. Nilifika chumbani kwetu nikamkuta amekaa sakafuni mbele ya kabati, analia. Alisema sauti zilimwambia aifungue. Alijaribu namba tatu, zote zangu za zamani.

Sitaandika zaidi kuhusu usiku ule. Asubuhi tulikuwa hospitali. Daktari alinieleza kwamba wazo la kujiua huja kama wimbi, linapanda na kushuka, na mtu akivushwa kwenye yale masaa mara nyingi anaishi. Sefu ilifanya kazi ya kumvusha. Lakini akatuambia wazi kwamba kwa sasa silaha isikae nyumbani kabisa, hata ndani ya chuma. Kuna jimbo la Marekani, Connecticut, ambalo tangu 1999 sheria inaruhusu polisi kuomba mahakama silaha ziondolewe kwa muda kwa mtu aliyeonyesha dalili za hatari. Sisi hatukuhitaji mahakama. Mume wangu hakusema neno njiani. Tulipofika nyumbani alibonyeza namba zake sita, akaitoa bastola, akaipeleka kituo cha polisi kuhifadhiwa, akarudi na karatasi iliyogongwa muhuri. Alikaa uani mpaka giza likaingia. Mwanangu akaenda kukaa karibu naye, wakanywa chai.

Sefu bado iko ukutani. Siku hizi ina hati ya kiwanja, ile karatasi ya polisi, na vidonge vyote vya mwezi, kwa sababu daktari alisema navyo visiachwe mezani. Saa mbili usiku kijana wangu anakuja mlangoni, anageuza uso upande wa dirisha ili asione vidole vyangu. Nabonyeza, natoa kidonge kimoja, anakimeza mbele yangu, nafunga. Jana alinikumbusha yeye: taa ya betri imeanza kuwaka nyekundu.