Mama wa Mwenge: chakula cha lokesheni chenye risiti

Kazi yangu kwenye filamu ni kushika mfuko, kwa hiyo mnisamehe nikisifia risiti kabla ya pilau.

Mwezi uliopita tulishuti siku 9, watu 34, tukaanzia Kigamboni tukamalizia Bagamoyo. Chakula nilimpa mama mmoja wa Mwenge, nilielekezwa na kijana wa taa. Kwa kichwa kwa siku, chai 3,000, mchana 7,000. Jumla tuliyokubaliana 3,060,000, nauli ya Bagamoyo mbali. Wa bei poa zaidi wapo. Nimeshawatumia, ndiyo maana naandika.

Filamu iliyotangulia nilimchukua wa 4,500 kwa sahani ya mchana. Siku ya tatu chakula cha saa 7 kikafika saa 9 na robo. Watu wetu hawagomi, wanapunguza mwendo tu: wa sauti anatafuta betri haioni, wa mekapu kajikalia kivulini. Jua likatuacha na sini mbili, yaani vipande viwili vya filamu, mkononi. Kamera, taa na jenereta tunakodi kwa siku, basi nikalipa siku nzima kwa ajili ya hizo sini mbili. Ile 2,500 niliyojisifu kuokoa kwa kila sahani ikaliwa yote, na fungu la dharura, asilimia 10 ya bajeti, likaanza kumegwa mapema. Marekani, waigizaji walio kwenye chama chao cha kazi hulipwa faini wakifanya kazi zaidi ya masaa 6 bila mlo. Kwetu faini ni mnuno, na mnuno hauna mstari kwenye bajeti.

Huyu mama wa Mwenge anadai ratiba ya kesho tangu jioni ya leo. Saa 12 kasoro alfajiri chapati na chai ya tangawizi ziko mezani. Bagamoyo alilala hukohuko na wasaidizi wake. Siku mwongozaji aliposogeza chakula dakika 40 amalizie sini, nilipiga simu moja tu, chakula kikabaki cha moto kwenye hotpoti hadi mwisho. Pilau ya Ijumaa sina la kusema, watu wazima waligombania ukoko.

Sasa risiti. Kila jioni ananikabidhi ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yenye TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni yetu na idadi ya sahani. Mnaotumia hela za wafadhili mnanielewa. Mkaguzi aliwahi kunirudishia vikaratasi vya daftari vimeandikwa "chakula watu 30", sahihi haisomeki, nikavifidia kwenye ujira wangu mwenyewe. Siku ya 6 waigizaji 5 hawakuwa na sini, nami nikasahau kumwambia mama. Kumbe alishawauliza wenyewe jana yake. Ankara ya mwisho ikaja imepungua 50,000, sikuomba.

Lawama zipo. Anataka asilimia 60 kabla hajawasha jiko, wakati hela zetu zinaingia kwa awamu. Ya kwanza ilikwama benki, nikaenda kumpigia magoti shemeji. Na maharage yake yana chumvi, mwenye presha aseme mapema.

Bajeti ya filamu inayofuata nimeshaianza. Mstari wa chakula nimeandika 10,000 kwa kichwa. Prodyuza akiniuliza kwa nini isiwe 7,500 kama zamani, nitamwekea mezani ankara ya ile siku ya ziada ya kamera. Anayemtaka huyu mama anitumie ujumbe, ila tarehe zangu asiziguse.