Pombe za kienyeji, pulque ya Mexico au chicha ya Peru, uanze na ipi?

Mi naona uanze na chicha de jora, hasa kama safari inapita mji wa Cusco kule Peru na vijiji vya Bonde Takatifu, maana hiyo ni mahindi yaliyooteshwa kidogo, yakaanikwa, yakachemshwa, yakaachwa yachachuke, kilevi chake kidogo tu na uchachu wake unazoeleka haraka. Nyumba inayouza utaijua kwa ufito mrefu nje wenye kitambaa au plastiki nyekundu kwa juu. Wanakupa bilauri kubwa kweli, na kabla ya kunywa mwaga kidogo chini kwa ajili ya Pachamama, mama ardhi, usiache hiyo.

Pulque sasa ni ngumu kidogo. Ni utomvu wa maguey, jamii ya mkonge, mmea unaosubiriwa miaka kibao ndo ukamuliwe, na inatoka nyeupe, nzito, inavutika kama ute, hapo wengi wanashindwa jamani. Kilevi asilimia 4 hadi 6 hivi. Ikikushinda agiza curado, ile ya kuchanganywa na matunda. Ya kopo achana nayo, inywe freshi palepale kwenye pulquería, yaani kilabu cha pulque.